Mwaloni Ule ni wa Dada Yangu

Naanza kwa kusema wazi kwamba mimi ni mtu wa hasira, asije mtu huko mbele akaniambia nipunguze jazba. Sipunguzi ng'o. Wapole katika habari hii wamekwisha kula hasara ya kutosha, na wa kwanza wao ni dada yangu.

Dada amenizidi miaka tisa. Ni mfupi, mkavu, hasemi mpaka aulizwe, na akiulizwa hujibu nusu. Alifanya kazi katika kitalu kimoja cha miti kwa miaka ishirini na sita, na kazi yenyewe ilikuwa moja tu, kubebesha. Unachukua kijiti cha mti unaoutaka, unakichonga, unakipachika kwenye shina la mche mwingine wenye mizizi ya nguvu, unafunga kwa utepe wa mpira, unapaka nta, halafu unangoja uone kama wawili hao wamekubaliana. Wengine wakibebesha mia, hushika sitini. Yeye akibebesha mia hushika tisini na sita, na ile minne iliyobaki humnyima raha wiki nzima. Ndiyo maana pale kitaluni walimwita Daktari. Mimi nilikuwa banda la pili, najaza udongo kwenye viriba, ile mifuko myeusi ya kuoteshea miche. Mimi hawakunipa jina. Waliniogopa.

Mwenye kitalu tulimwita Mkurugenzi, kwa sababu ndivyo alivyotaka aitwe. Kitalu alikirithi kwa baba yake. Ofisi yake ilikuwa na dirisha kubwa la kioo, yeye anakuona wewe, wewe unajiona mwenyewe umeinama. Kisu cha kubebeshea hajawahi kukishika, na hilo simtukani, mwenyewe alikuwa akijisifia mbele za watu kwamba mikono yake ni ya kutia saini.

Sasa sikiliza mti ulivyopatikana. Ilikuwa sheria pale kwamba mche wowote uliotoka tofauti na wenzake, uliopinda, uliodumaa, wenye majani ya ajabu, unatupwa kwenye shimo la mboji. Wateja wanataka mialoni sita ya kupanda mbele ya jengo, na wanataka yote sita ifanane kama wanafunzi waliopanga mstari. Asubuhi moja, miaka kumi na saba iliyopita, katika miche elfu tatu ya mwaloni iliyoota kutoka kwenye mbegu, Dada akaona mmoja umefungua majani ya rangi ya waridi. Akauinamia. Akageuza jani, akalitazama kwa chini, akalitazama kwa juu. Msimamizi akapiga kelele kutoka mlangoni, "Tupa huo, una maradhi!" Dada akasema, "Ndiyo, bwana." Akaubeba mpaka shimoni, akalipita shimo, akauficha nyuma ya tangi la maji. Nadhani katika miaka ishirini na sita hilo ndilo kosa pekee alilomfanyia mwajiri wake, na ndilo lililompa mwajiri wake utajiri.

Majani ya mti ule yakifunguka mvua za kwanza huwa ya waridi, laini kama ndani ya mdomo wa mtoto. Baada ya wiki tano hupoa, yakawa meupe yenye madoa ya kijani, kama yaliyorushiwa rangi na fundi asiye makini. Miezi ya baridi ikiingia huwa mekundu kiasi kwamba mtu na shughuli zake husimama akatazama. Dada akauita Mama Nguo, kwa sababu haachi kubadilisha. Ni mara chache sana nimemsikia dada yangu akitania, na utani wake huo aliutolea mti.

Lakini Mama Nguo ana tabia moja mbaya, na balaa lote limetokana na tabia hiyo. Kila baada ya siku kadhaa hutoa tawi la kijani kitupu, tawi la mwaloni wa kawaida. Jani la kijani hulitumia jua vizuri kuliko jani la rangi, kwa hiyo tawi hilo hukua mbio. Liache mwezi mmoja, limewapita wenzake. Liache msimu mzima, mti wote umegeuka kijani na rangi hairudi tena, hata umpigie magoti. Dawa ni kuuzunguka mti kila wiki, na kila penye kijani ukate mpaka kwenye shina. Dada alikuja kuyajua hayo baada ya kupoteza karibu miche yote ya mwanzo aliyoibebesha kutoka kwa ule mmoja. Alichukua miaka minane. Alikuwa akifika kazini kabla ya kengele na kutoka baada ya kengele, anaizunguka miche yake nyuma ya tangi, anaandika kwenye daftari za shule tarehe gani jani limefunguka na tarehe gani limegeuka. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Nilimwambia, "Dada, hao watu hawatakushukuru." Akasema, "Sijawauliza."

Mkurugenzi aliujua mti siku alipokuwa akitembeza wageni. Mgeni mmoja akapotea njia akitafuta choo, akatokea nyuma ya tangi, akapiga ukelele kama mtu aliyeona nyoka. Ilikuwa miezi ya baridi. Wote wakakimbilia kule, na Mkurugenzi naye. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale na koleo mkononi. Kwa masikio yangu haya mawili nikamsikia akisema, "Ah, huu? Huu ni mradi wangu. Sikutaka kuutangaza mapema."

Mradi wake! Mtu hata hajui tangi lina bomba upande gani! Nikamtazama Dada. Alikuwa ameshika utepe wa mpira, anauzungusha kidoleni.

Basi toka siku ile mambo yakaanza kwenda haraka. Mti mpya ukiwa kweli ni mpya, unapelekwa ukaandikishwe, na anayeuandikisha ndiye peke yake mwenye haki ya kuuza. Hapo mimi sina neno. Shamba lake, mbegu zake, maji yake, auze mpaka achoke. Lakini ile fomu ina sehemu nyingine, mbali kabisa na ya mmiliki, imeandikwa: Aliyeuvumbua na kuukuza. Karani wa ofisini, aliyekuwa akiniazima sabuni, akanionyesha. Mkurugenzi alikuwa amejaza jina lake sehemu ya kwanza, na jina lake sehemu ya pili. Akashusha na mkia wa saini, mrefu.

Nikamwambia Dada. Nilidhani atasema "sijawauliza." Hakusema. Alikaa kitandani, akavua viatu, akaviweka sambamba, akasema, "Hiyo sehemu ya pili ni yangu."

Kesho yake akavaa gauni safi akaingia ofisini, mara ya kwanza kuingia mle bila kuitwa. Hakuomba nyongeza wala cheo. Aliomba jina lake liandikwe pale. Mkurugenzi akacheka, akamuuliza, "Jina utalila?" Halafu akamwambia alete zile daftari zake, zinahitajika kuambatanishwa. Na dada yangu, mjinga wa Mungu, akazileta. Hakuziona tena mpaka leo.

Wiki iliyofuata akaondolewa mezani pake akapelekwa kwenye mboji, kugeuza taka kwa uma. Daktari mzima! Mahali pake akawekwa mkwe wa Mkurugenzi, kijana aliyesoma, mwenye kofia nzuri. Nikapanda ofisini na ndoo ya udongo niliyokuwa nayo mkononi, na sikumbuki niliamua saa ngapi, lakini nilipotoka ndoo ilikuwa tupu na meza ya Mkurugenzi ilikuwa tayari kuotesha. Nikafukuzwa siku ileile. Sikulia. Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani, halafu nikafika nikakumbuka kodi ya chumba, nikaacha kucheka.

Tunakaa chumba kimoja, mimi na yeye, pazia katikati, jiko upande wa dirisha. Nikaanza kufua na kupiga pasi nguo za watu. Yeye akaendelea na mboji. Kila jioni alinawa mikono mara tatu, na kila jioni alipita njia ya mbali kutoka kazini ili aone uzio wa shamba la majaribio, ambako miti kumi na miwili ya Mama Nguo ilikuwa imepandwa kwa ajili ya ukaguzi. Aliporudi nilikuwa namuuliza, "Umeona nini?" Wiki ya tatu akajibu, "Kijani." Wiki ya sita akajibu, "Wanatia mbolea." Akakaa chini kabisa, sakafuni.

Mkwe, unaelewa, aliona matawi ya kijani yanakua kwa kasi akafurahi. Akadhani ndiyo afya. Akayatilia mbolea yakue zaidi, ili mkaguzi akija aone miti mikubwa. Amesoma, ana kofia, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu aliyejua alikuwa amezikwa kwenye mboji mita themanini kutoka pale. Nilicheka tena. Nikasema, safi sana, wacha wale jeuri yao.

Siku tano kabla ya ukaguzi, saa tisa alasiri, nikiwa napiga pasi, mlango ukagongwa. Mkurugenzi. Kwetu! Akainama kupita kwenye kamba ya nguo, akakaa kwenye kiti chetu pekee bila kukaribishwa. Akaanza kumpaka dada yangu mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Mama, wewe ni kama familia," akasema. "Pale kumetokea hitilafu kidogo. Miti imekuwa… imebadilika kidogo. Nikasema, hapana, hii kazi inamtaka Daktari mwenyewe."

"Andika jina lake kwanza," nikasema mimi.

"Naongea na dada yako."

"Na mimi naongea na wewe. Kalamu unayo hiyo mfukoni. Toa fomu, andika, ndiyo aende. Bila hivyo, kapambane na kijani chako na huyo mkwe wako mwenye kofia."

Akanigeuzia shavu kama mtu aliyesikia harufu mbaya. Nikashika pasi vizuri zaidi. Na Dada, badala ya kuungana nami, badala ya kumwacha mtu yule atokwe jasho hata dakika moja, aliuliza swali moja tu.

"Kijani kimefika wapi?"

"Imebaki… sijui. Mingine nusu," akasema Mkurugenzi.

Dada akasimama, akachukua kisu chake, akatangulia mlangoni.

Nilimfuata mpaka barabarani nikimsema. Sina haja ya kuficha, nilimtukana. Nikamwambia huna damu, huna uso, watu wanakukanyaga na wewe unawauliza kama miguu haijauma. Nikamwambia acha ife, ikifa ndipo watajua ni nani aliyekuwa akiifanya iishi. Akasimama akanitazama. "Ikifa hawatajua lolote," akasema. "Watasema ni mti tu uliokufa." Akaondoka.

Akafanya kazi siku nne. Mti mmoja haukuwa na cha kuokolewa, akaung'oa mwenyewe. Kumi na mmoja iliyobaki aliikata kijani tawi kwa tawi, akarudi nyumbani mikono imechanika mpaka kwenye viwiko. Bado nilikuwa na hasira naye, lakini nilimpaka dawa. Nilimpaka kwa nguvu.

Siku ya ukaguzi nilipita geti la malori, mlinzi wa pale ananijua, akajitia hamnazo. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, amevaa mabuti yenye tope la kweli, na kioo cha kukuzia kimening'inia shingoni. Akapita mti kwa mti. Ilikuwa msimu wa madoa, meupe na kijani, na miti yote iking'aa. Mkurugenzi akatembea naye bega kwa bega, suti mpya, anaeleza jinsi alivyouona mche ule wa kwanza, jinsi moyo ulivyomwambia. Mkaguzi akaandika. Halafu akamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na tawi la kijani likitokea, mnafanya nini?"

Mkurugenzi akatabasamu. "Tunaliacha, mama. Baada ya muda nalo hupata rangi."

Mkaguzi akaacha kuandika. Mkwe akavua kofia, akaivaa. Mkaguzi akatazama vidonda vipya vya miti, vilivyokatwa sawasawa na kupakwa nta, halafu akageuza kichwa taratibu mpaka akaiona mikono ya dada yangu aliyesimama nyuma na ndoo.

"Na wewe, mama? Ungefanya nini?"

Salaale! Nilimfahamu dada yangu miaka arobaini na moja, na sikujua kama ana maneno mengi namna ile. Hakujisifu hata kidogo wala hakumtaja mtu. Alieleza mti tu, mwaka gani ulipoteza rangi na kwa nini, shina gani linaukubali na lipi linaukataa, mwezi gani kijiti kinakuwa kimelala, hakichipui, hata kinafaa kukatwa, kwa nini ukizidisha mbolea unalisha kijani. Tarehe alizitoa kichwani, zile za kwenye daftari zilizopotea. Mkaguzi hakumkatiza.

"Mzee," mkaguzi akamwambia Mkurugenzi, "umiliki ni wako, hilo halina ubishi. Lakini sehemu hii ya pili unaweza kuifuta na kuandika jina lake sasa hivi. Tukamaliza."

Mkurugenzi akatazama viatu vyake. Halafu akasema, "Jina langu liko sawa hapo lilipo."

Nikasogea. Mkaguzi akaniinulia mkono nisimame, akatoa karatasi nyingine kwenye mkoba wake, akamgeukia Dada. "Basi wewe utie saini hapa. Hii ni pingamizi. Suala litakwenda kwenye kamati, na kwa niliyoyasikia leo, sioni namna utakavyoshindwa. Lakini lazima nikuambie. Miti yenye mgogoro tunaifunga utepe. Hakuna wa kuigusa mpaka uamuzi utoke, wewe wala yeye. Watu walikuwa wakiharibu ushahidi."

"Muda gani?" akauliza Dada.

"Mwaka na nusu. Pengine miwili."

"Hata kijani hakikatwi?"

"Hata jani lililokauka halitolewi, mama. Ndiyo sheria. Siipendi, lakini ndiyo ninayofanyia kazi."

Ndipo nilipoelewa. Mti wa watu wengine wowote ungefungwa utepe miaka miwili ukatoka vilevile. Mama Nguo anaishi kwa kukatwa. Ukimfunga miezi sita tu, amekwisha. Jina la dada yangu lingeandikwa, ndiyo, lingeandikwa chini ya mti ambao haupo.

"Tia saini!" nikapiga kelele. "Dada, tia saini, wacha ife yote! Ni yako! Miaka kumi na minne!"

Alikuwa ameshika kalamu. Aliishika kama anavyoshika kisu, karibu na ncha. Akaitazama miti, mmoja mmoja, kumi na mmoja. Akaiweka kalamu juu ya karatasi bila kuandika, akasema, "Andika lake." Akachukua ndoo yake.

Sikuongea naye miezi mitano. Chumba kimoja, pazia katikati, miezi mitano. Chakula nilimpikia, nikaweka mezani, nikaondoka. Naye akarudishwa kwenye meza yake ya kubebesha, maana walikuwa wamepata akili kidogo, na kila wiki akaizunguka na kisu miti mama, ile kumi na mmoja ya kukatia vijiti. Miche ikaanza kutoka kwa mamia, ikapandwa mbele ya mahoteli, mahospitali, kwenye mizunguko ya barabara. Kila mti na kibao chake cha shaba: jina jipya walilolitunga wao, chini yake "Umevumbuliwa na kukuzwa na," halafu jina la Mkurugenzi, halafu namba ya simu. Kuhusu kukata kijani, hata neno moja. Neno hilo lingetosha pale, nimepima kwa vidole, kama jina la Mkurugenzi lingekuwa na herufi ndogo kidogo.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Hasira yangu haikupoa, ila niliizoea. Mwaka huu, siku moja mchana, tulikuwa tumetoka kuchukua miwani ya Dada. Alikuwa ameivaa hapohapo dukani, anasoma kila bango kwa furaha. Tukapita mbele ya benki kubwa. Pale kwenye ngazi upo mwaloni wao, ukubwa wa mtu na nusu. Dada akasimama ghafla. Theluthi mbili za mti ule zilikuwa kijani.

Akapanda ngazi mbili, akatoa kisu, akakata tawi la kwanza. Akakata la pili. Mlinzi akaja mbio. "Mama! Mama! Unafanya nini? Mti huo ni wako?"

Dada akanyanyua uso, akakitazama kile kibao cha shaba na miwani yake mipya. Aliposoma alisogeza midomo. Kisha, taratibu, akasema, "Ndiyo. Ni wangu."

Miaka kumi na saba tangu auone mche ule, na neno hilo alikuwa hajalisema mbele ya mtu wa nje. Akaja kulisema kwa mlinzi wa mlangoni.

Mlinzi hakuwa mtu mbaya. Akatuingiza ndani kwa meneja, na meneja naye hakupayuka. Akamuuliza Dada jina, akamwomba kitambulisho, akasema ni rahisi, kwenye kibao kuna namba, tutampigia mwenyewe atueleze. Akaweka simu juu ya meza ili sote tusikie. Mkurugenzi akapokea. Meneja akamwambia, kuna mama hapa anakata mwaloni wetu, anasema ni wake, anasema anafanya kazi kwako na anajua mti unavyotunzwa. Akamsomea jina la dada yangu lote, kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Nilisikia anavyopumua. Nadhani alikuwa akipiga hesabu, benki ni mteja mkubwa, na mti wa mteja mkubwa umekatwa na mfanyakazi wake.

"Simjui," akasema Mkurugenzi. "Simjui mtu huyo."

Meneja akatuomba radhi, mtu wa watu, akatuachia tuondoke kwa sharti tusirudi. Mimi njia nzima nilikuwa nachemka, natukana mpaka nikaishiwa matusi nikaanza kuyarudia. Dada alitembea kando yangu. Tulipofika chumbani alivua viatu. Hakuviweka sambamba. Alivitupa, kimoja kikagonga sufuria, na nilipomtazama usoni niliona, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, dada yangu amekasirika. Nikaogopa, mimi!

"Jumatatu siendi kazini," akasema.

Jumatatu hakwenda. Jumanne hakwenda. Sasa anabebesha michungwa na milimau ya watu uani kwao, anarudi mapema, anakula vizuri. Njia ya uzio hapiti tena. Kila wiki ikiisha namwona anahesabu kichwani, na najua anahesabu nini, lakini hatuzungumzi. Wiki ya tatu karani alinipitia akaniambia miti mama imeanza kutoa matawi. Wiki ya sita akaniambia mkwe ameweka vibarua wapya, nao wanakata yale ya rangi kwa kudhani ndiyo yenye ugonjwa. Nilimsimulia Dada hilo. Alifumba macho, akayafumba sana, akayafumbua, akaendelea kunoa kisu.

Jana, saa tisa na nusu alasiri, mlango ukagongwa. Nikaweka pasi pembeni, nikafungua kidogo. Amevaa suti, jasho linamtoka, fomu ipo mkononi, naapa niliiona, na kalamu juu yake.

"Mwambie nimekuja kuandika," akasema. "Mwambie jina lake nitaliandika, sasa hivi, mbele yake. Mwambie!"

Nikageuka. Pazia lilikuwa wazi. Dada alikuwa amekaa kitandani na miwani yake, mche wa mlimau mapajani, utepe wa mpira kati ya meno.

"Dada," nikasema, "ni Mkurugenzi."

Akautoa utepe mdomoni. Hakugeuka kutazama mlango.

"Simjui," akasema.